Joto Si Halijoto: Uhakiki wa Ushauri Tunaopeana Kuhusu Kupoza Prosesa

Katika somo la uhakiki tumezoea kuchambua riwaya, tamthilia na ushairi. Mimi naomba kuhakiki sentensi moja tu, tena isiyo ya mwandishi yeyote maarufu: "Ukitaka gemu isikwame, punguza joto la prosesa." Sentensi hii niliitunga mwenyewe. Niliitunga nikiwa mwaka wa pili, nikimtafsiria kaka yangu ushauri ulioandikwa kwa Kiingereza, na iliigharimu familia yetu shilingi 450,000 za Uganda. Kwa hiyo msomaji anisamehe nikiwa mkali. Wa kwanza ninayemkosoa ni mimi.

Kaka ana chumba cha gemu kando ya barabara ya vumbi, nje kidogo ya Kampala. Mna runinga mbili za kuchezea mpira kwa konsoli, na kompyuta moja ya mezani ambayo ndiyo fahari ya mahali pale. Aliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa mwaka mzima: prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, kadi ya picha ya RX 6600, memori ya gigabaiti 16. Vijana hulipa kwa saa. Kwa kuogopa wezi, vumbi, na vidole vya watoto wanaopenda kubonyeza kitufe cha kuzima, alimwita seremala akamtengenezea kabati la plaiwudi. Kompyuta ikafungiwa humo kwa kufuli. Nje zikabaki skrini, kibodi na kipanya.

Mchana mambo yalikwenda vizuri. Jioni, zamu ya tatu au ya nne, gemu ilianza kukwamakwama, wateja wakaanza kudai pesa zao. Programu ya kupimia ilionyesha kwamba prosesa imefika nyuzi 90 za Selsiasi, na hicho ndicho kikomo AMD ilichoiwekea prosesa hiyo. Kaka akaniletea maelezo ya Kiingereza. "Wewe ndiye msomi wa lugha. Wanasema nini hawa?" Nikasoma, nikamjibu kwa ile sentensi yangu, nikaongeza kwamba wengi wanapendekeza kipozaji kikubwa zaidi, hasa cha maji. Akachukua akiba aliyoiweka kwa ajili ya kodi ya chumba, akanunua.

Nusu saa ya kwanza namba ilishuka hadi sabini na kitu. Tukapongezana. Kufikia saa ya pili ilikuwa imepanda tena hadi 86, na safari hii kadi ya picha nayo ilikuwa imeanza kujipunguza kasi, jambo ambalo hapo awali halikuwapo. Gemu ikakwama kama kawaida.

Aliyetupatia jibu ni wifi yangu, mzaliwa wa Tanga, ambaye kompyuta hazimhusu hata kidogo. Alikuwa anatafuta ufagio, akadhani umo kabatini, akafungua mlango. Alirudi nyuma hatua moja, akajipepea kwa ncha ya kanga. "Wifi, humu mna fukuto!"

Nimekaa na neno hilo tangu siku ile. Fukuto ni joto la mahali palipofungika, hewa iliyotulia ikakosa pa kwenda. Mtu wa pwani analijua kabla mvua haijanyesha, na analijua ndani ya chumba chenye dirisha bovu. Katika kurasa zote nilizomsomea kaka hapakuwa na neno lenye maana hiyo, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Ushauri ule ulizungumzia kipande kimoja cha silikoni, kisha ukazungumzia kifaa cha kukibandika juu yake. Mahali kompyuta ilipo haukupataja.

Lakini kabla sijawalaumu waandishi wa mbali, nianze na lugha yangu mwenyewe. Kiswahili kina neno "joto" na kina neno "halijoto". Vitabu vingi vya sayansi vya Tanzania hutumia "jotoridi" kwa maana hiyo ya pili. Joto ni nishati, kitu kinachozalishwa na kusafiri. Halijoto ni hali, namba inayosomwa kwenye kipimo. Katika mazungumzo tunayamimina yote mawili kwenye "joto", na mara nyingi hakuna anayedhurika. Daktari akisema "joto la mwili limepanda" hakuna atakayemwelewa vibaya. Najua baadhi ya walimu wetu watasema muktadha unatosha kutofautisha. Kwa mgonjwa, nakubali. Kwa prosesa, nina ushahidi wa shilingi 450,000 kwamba hautoshi.

Tazama kinachotokea ukizitenganisha maana hizi. Prosesa inayotumia wati 60 za umeme inazalisha wati 60 za joto. Umeme wote unaoingia hugeuka joto, hata ule uliokwisha kukuonyesha goli. Kipozaji hakipunguzi joto hilo hata kwa wati moja. Kazi yake ni kulihamisha: kutoka kwenye silikoni kwenda kwenye kifuniko chake cha chuma, kupitia ule uji mzito wa kijivu ambao mafundi wanauita pesti, kwenda kwenye shaba au aluminiamu, kwenye mapezi, hatimaye kwenye hewa. Kipozaji cha maji ni vivyo hivyo, ila katikati pana pampu na mipira inayolibeba joto hadi kwenye rejeta. Kikishusha halijoto ya prosesa, ni kwa sababu joto limeondoka upesi. Na limekwenda wapi? Kwetu sisi, lilikwenda kabatini.

Zaidi ya hapo, prosesa za sasa zina tabia ambayo sentensi yangu iliificha kabisa. Zikipata nafasi ya kupoa, hupandisha kasi. Zikipandisha kasi, hutumia umeme mwingi zaidi. Kwa hiyo kipozaji kizuri kinaweza kushusha halijoto na wakati huohuo kuongeza joto. Ukiisoma sentensi hiyo ya mwisho kwa Kiswahili chetu cha kila siku utaona ni upuuzi, kitu kimeshuka na kimepanda. Ukiisoma kwa maneno yaliyotenganishwa ni maelezo sahihi ya kilichotokea kwenye kabati la kaka, ambako tulinunua namba ndogo ya nusu saa na kuilipia kwa joto zaidi la jioni nzima.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inasikitisha kwamba sikuifanya. Kadi ya RX 6600 imepangiwa wati 132. Ongeza zile za prosesa, karibu 60, na vipande vingine vidogovidogo, unapata wati 200 hivi. Hizo ni balbu mbili za zamani za wati 100. Mtu yeyote aliyewahi kufuga vifaranga anajua balbu mbili za namna hiyo hufanya nini ndani ya boksi lililofunikwa. Tunaziweka humo kwa makusudi. Kabati letu lilikuwa na ujazo wa robo mita ya ujazo hivi. Kama lisingevuja hata kidogo, wati 200 zingepandisha halijoto ya hewa yake kwa nyuzi moja kila sekunde moja na robo. Lilivuja, bila shaka, kupitia tundu la nyaya na nyufa za mlango. Lakini plaiwudi ni kizuizi kizuri cha joto, ndiyo maana mpini wa sufuria huwekwa mbao.

Angalia pia ni nani mwenye sehemu kubwa ya joto hilo. Unapocheza gemu, mara nyingi kadi ya picha huzalisha joto mara mbili ya prosesa au zaidi, kisha hulipulizia ndani ya boksi lilelile ambamo prosesa inatafuta hewa ya kupumua. Ushauri mwingi unaiweka prosesa kwenye kichwa cha habari kwa sababu namba yake ndiyo inayotisha. Ni kama kumlaumu mtoto kwa jasho wakati mama yake anakaanga chapati pembeni yake na mlango umefungwa.

Sasa niwageukie wale walioandika ushauri wenyewe. Wengi wao wako Marekani na Ulaya, na wanapima vifaa katika vyumba vya nyuzi 20 au 22. Wahakiki waaminifu wa vifaa huandika tofauti kati ya halijoto ya chumba na ya prosesa, si namba tupu. Hao nawaheshimu, na laiti sote tunaohakiki tungekuwa na nidhamu ya kutaja tulisimama wapi tulipotazama. Wengine hutoa namba tupu: kipozaji hiki, nyuzi 68. Msomaji wa Kampala, chini ya mabati, saa tisa alasiri, chumba kikiwa nyuzi 31, anainunua namba ile kana kwamba imo ndani ya boksi la kifaa. Haimo. Tofauti ya nyuzi kumi chumbani huhamia karibu yote kwenye prosesa, na hakuna kipozaji cha feni wala cha maji kitakachoishusha prosesa chini ya halijoto ya hewa inayokizunguka. Kwetu pana na jambo jingine dogo: Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya nane. Feni ikizunguka idadi ileile ya mizunguko hubeba hewa pungufu kwa uzito. Tofauti si kubwa, lakini haikusaidii.

Hofu yenyewe ina historia. Mwaka 2001 wahakiki wa Tom's Hardware walionyesha video ambamo waliondoa vipozaji juu ya prosesa zikiwa kazini. Athlon za AMD ziliungua kwa muda mfupi sana, moshi ukaonekana. Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi na kuendelea. Nadhani wengi wetu, hata tuliozaliwa baada ya video ile, bado tunaishi na moshi wake. Lakini prosesa za leo zote zinajilinda: zikikaribia kikomo hupunguza kasi, zikizidi kabisa hujizima. Mwaka 2022 AMD yenyewe ilitoa Ryzen za mfululizo wa 7000 na kueleza kwamba zile kubwa, kama 7950X, zimekusudiwa kupanda hadi nyuzi 95 zikiwa na kazi nzito na kukaa hapo, zikitafuta kasi yote inayowezekana ndani ya kikomo hicho. Ukiiwekea prosesa ya namna hiyo kipozaji kikubwa zaidi, inaweza kubaki nyuzi 95 zilezile na kufanya kazi kwa kasi zaidi. Namba haijasogea, na hakuna aliyeibiwa. Kwa hiyo swali "nyuzi ngapi?" peke yake halina maana. Swali lenye maana ni kama mashine inapunguza kasi mtu anapoihitaji.

Hapa Kiswahili kinatupotosha mara ya pili, kwa namna ninayoipenda licha ya madhara yake. Kitenzi "kupoa" ni cha chai na ni cha mgonjwa pia: chai imepoa, mgonjwa amepoa. Tukisema "kupoza prosesa" tunasikia, bila kujua, kwamba prosesa ni mgonjwa na nyuzi 90 ni homa. Na mwenye homa anatafutiwa dawa, na dawa inauzwa dukani. Sidhani muuzaji alitudanganya, aliuza alichoombwa. Ila tulikwenda kwake tukiwa tumeshaamua kwamba kilichopo ni ugonjwa.

Ukiichukua ile sentensi yangu kwa maana yake halisi, yaani "punguza joto" kama neno linavyodai, ungepata ushauri tofauti kabisa, tena wa bure: fanya mashine izalishe joto dogo. Skrini ya kaka inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Gemu ilikuwa inachora zaidi ya 140. Picha themanini na kitu kila sekunde zilikuwa zinachorwa, zinalipiwa umeme wa Yaka, zinageuka joto, na hakuna jicho lililoziona zikiwa kamili. Tuliweka kikomo cha 60 ndani ya mipangilio ya gemu, na joto la kadi na la prosesa yote mawili yakapungua papo hapo, bila kununua hata skrubu. Mchezaji wa mashindano atanipinga, na ana haki: picha nyingi humpa mwitikio wa haraka zaidi wa kipanya hata kama skrini haizionyeshi zote. Wateja wa kaka ni vijana wa sekondari wanaogombea soda. Pia inawezekana kuipangia prosesa wati chache zaidi kwenye mipangilio ya BIOS. Kasi hupungua kidogo, joto hupungua sana. Mambo haya mawili nilikuja kuyakuta mwishoni mwa maelezo yaleyale niliyomsomea kaka, baada ya orodha ndefu ya vitu vya kununua. Nilikuwa nimechoka kabla ya kuyafikia. Msomaji mvivu naye ni sehemu ya kosa.

Sitaki kuonekana kama ninapinga kila kilichosemwa. Kuhusu pesti, waandishi wale wako sahihi: ikikauka baada ya miaka, ibadilishwe, na kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Kuhusu vumbi wako sahihi kuliko wanavyojua, maana hawajaliona la kwetu, jekundu, linaloshikamana na mapezi kama blanketi. Kuna hata ushauri wa mtaani ambao wasomi wa kompyuta huucheka, ule wa kufungua ubavu wa kompyuta na kuielekezea feni ya mezani. Mimi siucheki tena. Unavuruga mkondo wa hewa aliouchora mtengenezaji wa boksi, na unakaribisha vumbi, lakini unafanya jambo moja ambalo kipozaji chetu cha maji hakikulifanya: unaleta hewa mpya.

Hewa mpya kiasi gani? Ili kubeba wati 200 huku hewa ikipanda kwa nyuzi kumi tu, unahitaji takriban lita 20 kila sekunde. Jerikeni moja ya njano, ya kuchotea maji, imejaa hewa, inaingia kabatini kila sekunde, na nyingine inatoka. Nilipomweleza kaka hivyo alielewa mara moja, akatazama tundu la nyaya lenye upana wa kikombe, akacheka kicheko kibaya.

Seremala alirudi. Alikata nafasi mbele, chini, yenye upana wa vitabu viwili, na nyingine nyuma, juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda yenyewe. Kabati likasogezwa mbali na ukuta kwa kiganja kimoja. Zote mbili zikazibwa kwa wavu wa chuma ili vidole na wezi wabaki nje, na ile ya juu ikafungwa feni mbili za kusukuma hewa kwenda nje. Kazi yote, pamoja na feni, ilifika shilingi 85,000. Jioni iliyofuata, zamu ya nne, prosesa ilikuwa nyuzi 72. Kwa ubishi kaka akaondoa kipozaji cha maji, akarudisha kile kidogo kilichokuja na prosesa ndani ya boksi lake. Nyuzi 79. Gemu haikukwama. Wifi alifungua mlango, akaingiza mkono, akaguna, akaenda zake.

Kilichobaki kilikuwa kuuza kipozaji kile ili kuokoa kodi ya chumba. Kaka alinipa kazi ya kuandika tangazo la kubandika mlangoni. Nikaandika kwa uangalifu wote niliofundishwa: "Kinauzwa kifaa cha kuhamisha joto kutoka kwenye prosesa." Kaka alisoma mara mbili. "Mdogo wangu, nani atanunua kitu cha kuhamisha?" Akakata kwa kalamu, akaandika juu yake: "KINAPOZA SANA."

Mnunuzi alikuja siku ya nne, akatoa 220,000. Kabla sijamkabidhi nilimuuliza kompyuta yake anaiweka wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la polisi, kisha akasema iko juu ya meza, karibu na dirisha. Nikampa.